Kapteni Alex Alivyofika Bumala

Isaac Nabwana aliijua sinema kwa masikio kabla ya kuijua kwa macho. Alizaliwa mwaka 1973 akakulia Wakaliga, mtaa wa mabanda, matofali na mitaro huko Kampala, na utotoni hakuwa mtu wa kuingia ukumbini kutazama picha. Waliokuwa wakienda ni kaka zake wakubwa. Wakirudi nyumbani walimsimulia: Chuck Norris kafanya hivi, Bud Spencer kawakamata wawili kawagonganisha vichwa, bunduki zimelia, jengo zima limeanguka. Mtoto akawa anaiunda picha yote kichwani kutokana na maneno, mikono na makelele ya kaka zake. Alipokuwa mtu mzima akatengeneza filamu yake mwenyewe ya mateke na risasi, ilitoka vilevile alivyozipokea zile za utotoni: mtu anasimulia, na picha inakimbia kumfuata.

Filamu hiyo ni *Who Killed Captain Alex?*, ya mwaka 2010. Ughaibuni inapendwa sana na watu wanaokusanya sinema mbovu kwa ajili ya kuzicheka, na sikatai kwamba ina mengi ya kuchekesha. Helikopta za kompyuta zinapaa juu ya Kampala zikiwa nyepesi mno, na moto wa mabomu unaonekana wazi kwamba umebandikwa juu ya picha. Bunduki ni vyuma chakavu vilivyochomelewa. Mtu anapigwa teke moja, anaruka umbali ambao teke lile lisingeweza kumrusha. Yote hayo ni kweli. Lakini mimi ni mtu wa Bumala, magharibi mwa Kenya, nimelelewa na sinema za namna hii tangu utoto, na naamini kwamba utamu wake hauelezeki kwa neno ubovu peke yake. Una historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipita mlangoni petu.

Ianzie kwa Bruce Lee, maana kila kitu cha ngumi Afrika Mashariki kinaanzia kwake. Alifariki Hong Kong tarehe 20 Julai 1973, mwaka uleule aliozaliwa Nabwana, na filamu yake *Enter the Dragon* ikatoka kwenye kumbi mwezi uliofuata. Kwenye miji ya pwani, Zanzibar, Dar es Salaam na Mombasa, ambako Wahindi walikuwa wameendesha kumbi za sinema kwa miongo kadhaa, vijana waliokuwa wamezoea picha za Kihindi na za makauboi walimwona mtu mwembamba, asiye mzungu, akiwaangusha wakubwa kwa mikono mitupu. Hapakuwa na haja ya kuelezwa zaidi. Vilabu vya karate vikaanzishwa, na watoto wakatengeneza nunchaku kwa vijiti viwili na kipande cha mnyororo au kamba.

Uganda ilikuwa na balaa lake wakati huo. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 kuondoka nchini, na pamoja na maduka na viwanda waliacha kumbi za sinema. Nyingine zilidorora, nyingine zikabadilishwa matumizi. Ukumbi wa Norman pale Kampala ulikuja kuwa kanisa. Hivyo kizazi cha akina Nabwana kilikua katika mji ambao sinema ya ukumbini ilikuwa inakufa, na mtu aliyeifuata ilimbidi aifuate kwa shida. Ndiyo maana aliyebahatika kuiona alikuwa na deni kwa wenzake: ni lazima asimulie.

Bumala haikuwa na ukumbi wowote wa kudorora. Ni soko la njia panda katika nchi ya Wamarachi, kwenye barabara itokayo Kisumu kwenda Busia, na kilichoijenga ni malori na watu wanaopita. Aliyetaka sinema hasa alipanda gari hadi Kisumu. Wengine tulingoja gari la sinema lije na pazia lake jeupe, lifungwe uwanjani jioni, tuonyeshwe matangazo ya sabuni na mafuta ya kupikia kwanza, kisha kipande cha vichekesho, kisha gari liondoke na kutuacha gizani tukibishana.

Video ndiyo iliyobadilisha mambo. Deki, televisheni na jenereta ndogo viliweza kubebwa juu ya paa la matatu, na mtu aliyekuwa navyo vitatu alikuwa na biashara. Kaseti zilikuja kutoka pande mbili. Kutoka Nairobi zilipanda na mizigo ya dukani. Kutoka Kampala zilivuka Busia au Malaba, nyingine getini na nyingine kwa njia za panya, pamoja na ndizi, maharagwe na vitenge. Mpaka huu wa Kenya na Uganda haujawahi kuzuia kitu ambacho watu wa pande zote mbili wanakitaka. Wasamia wako huku na huko, Wateso wako huku na huko, na baiskeli za boda boda zilizaliwa papa hapa kwa kubeba watu na vifurushi vyao kutoka kituo cha forodha cha nchi moja hadi cha nchi nyingine. Kaseti moja mfukoni mwa koti haikuwa mzigo wa kumfanya mtu asimame.

Banda la video nililolijua mimi lilikuwa na kuta za udongo, paa la mabati, na madirisha yaliyozibwa kwa magunia ili mwanga usiingie na asiyelipa asichungulie. Viti vilikuwa mbao ndefu zilizopigiliwa juu ya magogo mafupi. Televisheni ilikaa juu kabisa, ndani ya sanduku la mbao lenye mlango na kufuli, na picha ilipokwaruza mwenye banda alisimamisha kila kitu, akafungua kifuniko cha deki, akapangusa kichwa chake kwa pamba yenye spiriti huku watu wakimpigia miluzi. Nje palikuwa na ubao wenye maandishi ya chaki. Ubao huo haukutaja jina la filamu. Uliandikwa BOLO, au JET LI, au NINJA 2, na hilo lilitosha kutufanya tutafute shilingi tano popote zilipokuwa.

Bolo Yeung tulimjua kwa kifua chake. Yumo kwenye *Enter the Dragon* ya 1973, na miaka 15 baadaye yumo kwenye *Bloodsport* akipambana na Van Damme, na kile kifua ni kilekile. Alikuwa adui wa kudumu, na banda zima lilimchukia kwa mapenzi makubwa. Michael Dudikoff wa *American Ninja*, ya mwaka 1985, alikuwa mtu wetu wa karibu kabisa. Walimu walikuja na viboko kuwatoa watoto waliotoroka shule, na mzazi aliyemkuta mwanawe mle ndani alimvuta sikio hadi nyumbani. Bado tulirudi.

Lakini kaseti nyingi zilizofika kwetu hazikuwa za Bruce Lee wala Van Damme. Zilikuwa takataka za Hong Kong, na hapa nataka nikae kidogo, maana bila takataka hizi Kapteni Alex asingekuwapo. Bruce Lee alipokufa, wenye kampuni za filamu waliona biashara inawaponyoka, wakatafuta watu wa kufanana naye. Akatokea Bruce Li. Akatokea Bruce Le. Akatokea Dragon Lee. Mwaka 1980 ikatengenezwa filamu inayohusu nakala za Bruce Lee zilizotengenezwa maabara, na ndani yake waigaji kadhaa wakaigiza pamoja. Kwa sisi wa Bumala, ambao sura tuliziona kwenye kioo cha inchi chache chenye mistari ya kukwaruza, tofauti kati ya Lee, Li na Le ilikuwa jambo la kubishania njiani na kusahau tukifika.

Kisha kuna Godfrey Ho. Mwongozaji huyu wa Hong Kong, akishirikiana na mtayarishaji Joseph Lai, alikuwa na mbinu ambayo hadi leo inanishangaza kwa ujasiri wake. Walinunua kwa bei ndogo filamu za Korea, Thailand au Taiwan ambazo hakuna aliyezitaka. Wakapiga dakika chache za mzungu aliyevaa nguo za ninja, mara nyingi Mmarekani Richard Harrison. Wakachanganya vipande hivyo na filamu ya zamani, wakaweka sauti mpya juu ya midomo ya watu wote, na filamu ikawa imepatikana. Kazi chache alizofanya Harrison zilikatwakatwa zikaingia katika filamu nyingi ambazo hakujua kama yumo. Katika *Ninja Terminator* ya mwaka 1985, mzungu huyo, shujaa wa kutisha, anapokea simu yenye umbo la Garfield, yule paka wa katuni. Ninja wanavaa rangi zinazoonekana kutoka mbali, na kwenye vitambaa vyao vya kichwani pameandikwa neno ninja ili pasiwe na shaka. Watu wawili wanazungumza kwa simu, mmoja yumo kwenye filamu moja na mwingine kwenye filamu nyingine kabisa, na hawatakutana hata mara moja mpaka mwisho.

Utafuataje hadithi ya namna hiyo, tena kwa Kiingereza cha kubandika, ukiwa mtoto wa darasa la nne unayezungumza Kimarachi nyumbani? Huwezi. Kwa hiyo palitokea watu wa kuifuata kwa niaba yetu.

Uganda ndiko kazi hii ilikokomaa hadi ikawa taaluma. Katika vibanda vya video vya Kampala na miji mingine, msimulizi alikaa karibu na televisheni akiwa na maikrofoni, akapunguza sauti ya filamu, akasema Kiganda juu yake. Wakaitwa ma-VJ, na majina kama VJ Jingo na VJ Junior yakawa na uzito kuliko majina ya waigizaji wenyewe. VJ mzuri hafasiri sentensi baada ya sentensi. Anampa shujaa jina la mtaa, anamwambia adui maneno ambayo mwandishi wa filamu hakuyafikiria, anataja bei ya sukari, anamcheka mtazamaji aliyechelewa kuingia, na pigano likianza anapandisha sauti mpaka benchi zinatetemeka. Dar es Salaam walikuwa na wao, na mkubwa wao alikuwa Lufufu, kapteni mstaafu wa jeshi aliyezisimulia kanda za mapigano kwa Kiswahili. Nairobi akatokea DJ Afro, na Kiswahili chake cha mtaani kikasambaa Kenya nzima, kwenye vibanda, kwenye matatu za safari ndefu, kwa vinyozi. Kwa DJ Afro kila filamu ina stelingi, na stelingi hafi.

Kule mpakani tuliwasikia wote. Kaseti, na baadaye sidii, zilizotoka Busia ya upande wa Uganda zilikuja na Kiganda juu yake. Zile za kutoka Nairobi zilikuja na Kiswahili. Soko la Busia limewafundisha Wakenya wengi Kiganda cha kununulia na kuuzia, kwa hiyo daima palikuwa na mmoja wetu aliyeelewa nusu na kutufasiria nusu hiyo, na nusu iliyobaki tuliijaza. Filamu moja ya Kikorea iliyokatwakatwa Hong Kong ikabandikwa Kiingereza, ikasimuliwa kwa Kiganda Kampala, ikafasiriwa kwa Kiswahili na Kimarachi Bumala, iliishia kuwa hadithi ambayo hakuna aliyeitunga. Nilizipenda hadithi hizo. Nyingi zilikuwa bora kuliko zile za asili, na nasema hivyo nikiwa nimezitazama baadhi yake tena ukubwani, bila msimulizi, nikachoka kabla hazijafika katikati.

Nabwana alikulia upande wa pili wa jambo hilohilo. Ajira yake ilikuwa kufyatua matofali, na pesa za matofali ndizo zilizomwingiza kwenye sinema. Alijiandikisha kwenye kozi ya miezi sita ya kutengeneza kompyuta, akaweza kulipa mwezi mmoja tu. Kilichobaki alijifunza peke yake, akiunganisha kompyuta kutokana na vipande vilivyotupwa, akijifundisha programu za kuhariri na za kutengeneza milipuko katika nyumba ambayo umeme ulikatika ulivyotaka. Mwaka 2005 alianzisha kampuni, akaipa jina kutokana na bibi zake wawili, Rachael na Monica: Ramon Film Productions. Mkewe Harriet alikuwa naye tangu mwanzo wa shughuli hiyo, na kwa kweli nyumba yao ndiyo studio. Watu wakaiita Wakaliwood.

Dauda Bisaso ni mtu ninayemheshimu sana katika historia hii. Ndiye fundi wa vifaa. Kila bunduki kubwa unayoiona katika filamu za Wakaliga ilipitia mikononi mwake, mabomba na vyuma chakavu vikikatwa, vikichomelewa, vikipakwa rangi. Alitengeneza hata mkono wa kuinulia kamera kutokana na vipande vya magari. Baadaye ikaja helikopta ya vyuma iliyosimama pale uani, isiyoweza kupaa, ambayo waigizaji waliingia ndani yake na kupiga risasi. Kwa damu, mwanzoni walitumia damu ya ng'ombe halisi, wakaitia ndani ya kondomu na kuificha chini ya nguo ili ipasuke kwa wakati wake. Mwigizaji mmoja akaugua kutokana na damu hiyo. Wakaiacha, wakahamia kwenye rangi ya chakula.

Waigizaji hawakulipwa mshahara. Walikuwa vijana wa mtaani, fundi, mchuuzi, mwanafunzi, waliojitolea siku zao. Filamu ilipokamilika walichukua nakala za DVD wakaenda kuziuza nyumba kwa nyumba, mara nyingine wakiwa bado wamevaa mavazi ya kuigizia, na kila aliyeuza alipata sehemu yake ya bei. Ilibidi wafanye haraka, kabla wanaonakili kwa wizi hawajaijaza mitaa kwa nakala zao. Nikifikiri juu ya utaratibu huo, namwona mwigizaji amesimama mlangoni mwa mteja, jasho likimtoka, akiuza kifo chake mwenyewe: ninunue, mimi ndiye ninayepigwa risasi pale mwanzoni. Ni biashara ya ana kwa ana kuliko yoyote niliyowahi kuisikia kwenye sinema.

Hadithi ya *Captain Alex* ni nyepesi kusimulia. Kapteni Alex wa jeshi la Uganda anatumwa kulisambaratisha genge la Tiger Mafia, linaloongozwa na mtu aitwaye Richard. Makomando wanamkamata ndugu wa Richard. Richard, kwa hasira, anawatuma watu wake wakamlete Alex, nao wanamkuta ameshauawa. Nani kamuua? Anakuja ndugu wa marehemu, bingwa wa kung fu, kulipiza kisasi. Baada ya hapo ni vita mpaka Kampala yenyewe inalipuliwa kutoka angani. Gharama yake yote, kama Wakaliga wenyewe walivyoeleza, haikufika dola 200.

Yule bingwa wa kung fu anaitwa Bruce U. Jina lake linakaa kwenye mstari mmoja na Bruce Li na Bruce Le, ila kwa heshima tofauti. Wale wa Hong Kong walipewa jina ili mnunuzi wa tiketi adanganyike. Bruce U hamdanganyi mtu yeyote: ni Bruce wa Uganda, na anajua kung fu kwelikweli. Aliwafundisha watoto wa Wakaliga mchezo huo mpaka wakawa kundi, Waka Starz, na watoto hao ndio waliokuja kubeba filamu ya *Crazy World*, ambamo wanatekwa nyara na genge lisilojua kwamba limeteka watoto wanaopigana. Hapo ndipo ninapowatenga Nabwana na Godfrey Ho, ingawa wote wawili walifanya kazi kwa senti. Ho alificha mshono. Alitumaini hutagundua kwamba filamu ni mbili. Nabwana anakuonyesha kila mshono, na unapouona unajua ni nani aliyechomelea, ni nani aliyeruka, na ni nani aliyekesha mbele ya kompyuta akibandika moto huo picha moja moja.

Na juu ya yote hayo kuna sauti. VJ Emmie anaingia mwanzoni kabisa na hatoki. Anamtangaza kila anayeonekana, anapiga kelele za kuwashangilia makomando, anawasifu wanawake, anatukumbusha mara kwa mara kwamba tunatazama filamu ya mapigano, anaahidi kwamba pigano linakuja na pigano likija anasema aliahidi. Katika toleo lililosambaa mtandaoni anasema Kiingereza chenye lafudhi na mizaha ya Kampala. Mtu wa Ulaya anayemsikia kwa mara ya kwanza hudhani ni mzaha uliobuniwa kwa ajili ya filamu hiyo. Sisi tulimtambua papo hapo. Ni yule jamaa aliyekaa karibu na televisheni.

Hapa pana jambo la kusikitisha ambalo pia ndilo linaloifanya filamu hii iwe ya pekee. Nabwana hakuwa na nafasi ya kutosha kwenye kompyuta zake. Ili aanze kazi mpya ilimbidi afute ya zamani, na hakudhani kwamba kuna mtu nje ya mtaa wake atakayeihitaji. Akafuta. Nakala safi ya *Captain Alex*, isiyo na msimulizi, haipo tena duniani. Kilichobaki kilitoka kwenye DVD yenye picha hafifu na sauti ya VJ juu yake. Kwa filamu nyingine zote nilizozitaja, unaweza kumwondoa msimulizi ukabaki na filamu. Kwa hii huwezi. Emmie akinyamaza, hakuna kitu chini yake.

Mwezi Januari 2010 tangazo la filamu hiyo liliwekwa YouTube, na likaenda mahali ambapo DVD za kuuzwa mlangoni zisingefika. Mwaka uliofuata Alan Hofmanis, mtu wa matamasha ya filamu kutoka New York, alilitazama tangazo hilo, akapanda ndege kwenda Kampala kuwatafuta waliolitengeneza. Mwishowe alihamia Wakaliga, watu wakamwita Ssali, akawa mwigizaji wa kupigwa. Katika *Bad Black*, ya mwaka 2016, ni daktari Mmarekani aliyeibiwa vitu vyake, anayefundishwa ukomando na mtoto mdogo wa mtaani aitwaye Wesley Snipes. Mwaka 2015 *Captain Alex* nzima iliwekwa mtandaoni bure, na mwaka huohuo Wakaliga waliomba mchango wa dola 160 mtandaoni kwa ajili ya filamu nyingine wakapata zaidi ya dola 13,000. *Crazy World* ilionyeshwa Toronto mwaka 2019, katika fungu la usiku wa manane la tamasha lao. Mwaka 2022 Wakaliga walialikwa Kassel, Ujerumani, kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, wakapeleka *Football Kommando*. Fundi matofali akaingia Kassel kwa mlango wa mbele.

Nimefurahi kwa kila hatua ya safari hiyo, lakini sifa moja inayotolewa huko nje inanikera. Husemwa kwamba watu hawa hawajui kwamba filamu zao ni mbaya, na kwamba kutojua huko ndiko kunakopendeza. Atazame tena anayesema hivyo. Emmie anawacheka waigizaji kabla mtazamaji hajacheka. Nabwana anajua vizuri helikopta halisi inafananaje. Alikulia Kampala katika miaka ambayo mtu alizitambua helikopta za jeshi kwa mlio. Mwigizaji anayeanguka kwa kuchelewa nusu sekunde baada ya kupigwa anajua amechelewa, na wenzake walimwambia palepale huku wakimshikilia kwa vicheko. Mtu anayetengeneza sinema kwa vyuma chakavu hawezi kuwa hajui alicho nacho. Anajua kuliko mtu yeyote, na ameamua kwamba hadithi itakwenda hata hivyo.

Ilipofika Bumala, filamu hii haikupitia kwenye banda. Mabanda mengi yalikuwa yameshafungwa au yamegeuka ya kuonyeshea mpira wa Uingereza, na muvi zilikuwa zinauzwa kwa kujaziwa kwenye flashi na kadi za simu katika vibanda vya M-Pesa na vinyozi. Niliiona kwa mara ya kwanza kituoni kwa waendesha boda, kwenye simu iliyoegemezwa juu ya tangi la pikipiki, vichwa vimesongamana juu yake. Kiingereza cha Emmie kilikuwa kinapotelea kwenye mngurumo wa malori. Kijana mmoja aliyekwisha kuitazama akaizima sauti na kuanza kusimulia mwenyewe, kwa Kiswahili, huku akimwita Richard kwa jina la mfanyabiashara mmoja wa hapo sokoni ambaye kila mtu anamdai au anadaiwa naye. Watu walicheka mpaka wakashikilia usukani. Bruce U alipoanza kurusha mateke, msimulizi wetu alisema jamaa huyu ni wa Samia, nilisoma naye, na mzee mmoja aliyekuwa akingoja abiria aliuliza kwa dhati kabisa ni wa ukoo gani.

Ubishi ulianza filamu ilipokwisha, kwa sababu swali lililo kwenye jina lake halijibiwi. Filamu inamalizika na hatujaambiwa ni nani aliyemuua Kapteni Alex. Kule kituoni wengine walishikilia kwamba ni Richard, ila anajifanya. Mmoja akasema haiwezekani, Richard alimtaka akiwa hai. Mwingine, aliyewahi kuwa mlinzi wa usiku getini Malaba, akasema ukitaka kujua nani amemuua mwanajeshi tazama kwanza nani amepandishwa cheo baada yake, na hapo kundi likagawanyika. Mama aliyekuwa akikaanga omena kando alisema tangu mwanzo alimshuku yule wa pembeni asiyesema neno, ila hakuna aliyekumbuka ni yupi. Ikabidi warudishe filamu nyuma wamtafute.